Msimu wa kwanza moto, wa pili baridi: nani anaharibu anime zetu?

Pale Mabatini, hapa Mwanza, kuna duka la kuweka muvi ambalo Jumamosi jioni halikosi vijana sita au saba. Unampa mwenye duka flashi yako, unataja unachotaka, unasubiri mstari wa kijani ujae. Ubishi wetu wote huzaliwa katika kusubiri huko. Mwishoni mwa 2025 ulikuwa ubishi mmoja tu, wiki baada ya wiki: anime (katuni ya Kijapani) iitwayo One Punch Man, msimu wa tatu. Saitama, shujaa wake tuliyemngoja tangu 2019, amerudi, na mapigano mengi yamekuwa picha iliyoganda huku kamera ikiteleza juu yake. "J.C.Staff wamemuua mtoto wa watu," akasema dereva mmoja wa bodaboda, na duka zima likaitikia.

Siku ile nilinyamaza, maana jibu langu lilikuwa refu kuliko muda wa kuhamisha faili. Hapa nina nafasi, nalitoa lote.

Tumezoea kusema studio fulani inajua, studio fulani haijui. Lakini J.C.Staff, studio iliyochora msimu huo, ndiyo hiyohiyo iliyotupa Toradora mwaka 2008, na Shokugeki no Soma mwaka 2015, ambayo chakula chake kilichorwa mpaka mtu unameza mate. Studio ya Pierrot waliotoa Bleach ya zamani, epsodi 366 kati ya 2004 na 2012, nyingi zikiwa za kujazia tu, ndio haohao waliorudi Oktoba 2022 na Bleach mpya ya vita vya miaka elfu, na watu wakashika vichwa kwa uzuri wake. Jina mlangoni halikubadilika. Kilichobadilika ni muda waliopewa, mkataba waliosaini na watu waliokaa mezani kuchora. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua unachokiona, na hakuna hata moja linaloandikwa kwenye jina la faili.

Tuanze na mchoro wenyewe. Siku moja tulifanya jaribio palepale dukani. Programu ya VLC ina kitu ambacho wengi hawakijui: ukiwa unatazama video, kila ukibonyeza herufi E inasogea fremu moja, yaani picha moja ya video, na kusimama. Tukachukua kipande cha mhusika anayetembea barabarani akiongea. Bonyeza: hakuna kilichobadilika. Bonyeza tena: bado. Mara ya tatu mguu ukasogea. Bonyeza, bonyeza, bonyeza: ndipo mguu ukasogea tena. Wenzangu wakasema faili limekufa.

Lilikuwa zima. Sekunde moja ya anime ina fremu 24, lakini mchoraji hachori michoro 24. Mara nyingi anachora 12, kila mmoja ukae fremu mbili, au 8, kila mmoja ukae fremu tatu. Mtu akiwa anaongea, huenda mdomo peke yake ndio unaobadilishwa na uso mzima umetulia. Piga hesabu: dakika 20, ukitoa nyimbo za mwanzo na mwisho, ni fremu 28,800. Epsodi ya kawaida ina michoro kama 3,000 hadi 5,000. Kwa wastani, basi, kila mchoro unakaa mbele ya macho yetu fremu sita hadi kumi, na hatuoni.

Mtindo huu una tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 1 Januari 1963 Osamu Tezuka na studio yake, Mushi Production, walianza kurusha Tetsuwan Atom, ambayo wengi wanaijua kama Astro Boy. Waliahidi nusu saa ya katuni kila wiki, kazi ambayo kwa uchoraji wa Disney isingewezekana hata kwa ndoto. Wakapunguza michoro, wakatumia ileile mara nyingi, wakaacha picha isimame na sauti ifanye kazi. Tezuka aliiuza kwa televisheni chini ya gharama yake, akitarajia kufidia kwa bidhaa na mauzo ya nje. Mushi ilifilisika mwaka 1973. Waliopita mikononi mwake walikwishaanzisha studio za Madhouse na Sunrise mwaka mmoja kabla, na ile desturi ya kulipa kidogo kwa kazi ya kila wiki ikabaki kwenye tasnia nzima.

Kwa hiyo mtu akisema "michoro ni michache", bado hajataja kosa lolote. Ni michache siku zote. Ufundi uko kwenye kuigawa, kama mama anavyomgawa sato mmoja kwa watu wanane na kila mtu akainuka ameshiba. Unabana kwenye mazungumzo, unahifadhi nguvu, halafu panapohitaji ngumi itue, unamimina.

Na panapomiminwa, mara nyingi ndipo tunapolalamika kwa kutoelewa. Mwaka 2010 ilitoka epsodi ya 167 ya Naruto Shippuden, ile ambayo Naruto anageuka mnyama wa mikia mbele ya adui yake Pain. Hadi leo picha zake zilizogandishwa zinazunguka kwenye simu: uso wa Pain umevutika kama ulimbo, taya limekwenda upande. Nilizicheka nikiwa sekondari. Sasa ifungue epsodi hiyo uipitishe kwa herufi E. Ule uso uliopinda unapita kwa kufumba na kufumbua, uko pale ili jicho lihisi uzito na kasi ya pigo, kisha unatoweka. Ukiiacha video iende, uso hauuoni kabisa. Unaona mwili unaorushwa. Aliyeongoza epsodi hiyo ni Atsushi Wakabayashi, na kati ya wachoraji wake alikuwemo Shingo Yamashita, ambaye miaka ya baadaye aliongoza ufunguzi wa kwanza wa Jujutsu Kaisen na ule wa Chainsaw Man. Unaweza usiupende mtindo ule, na mimi ilinichukua muda kuupenda, lakini kuuita uvivu ni kuwaonea watu waliotoa jasho kuliko kawaida. One Punch Man ya 2025 iko upande wa pili kabisa: nyuso ni nadhifu, unaweza kuzibandika ukutani, ila hakuna kinachosogea. Kuchora vizuri ni jambo moja na kusogeza vizuri ni jambo jingine, na tukiyachanganya ubishi hauishi.

Safari ya epsodi moja ni ndefu. Kwanza mwongozaji anachora e-konte, yaani epsodi nzima kwa vibonzo vidogo, kipande kwa kipande, na vipande vyenyewe hufika kama 300. Kila kipande kinapewa mchoraji wa genga, anayechora mikao mikuu ya tendo. Msimamizi wa michoro anapitia kazi za wachoraji wote na kuzisahihisha, ili uso wa Gojo wa Jujutsu Kaisen wa dakika ya tatu ufanane na wa dakika ya kumi na tano. Halafu huja douga, michoro ya katikati inayounganisha mikao, kazi ambayo kwa sehemu kubwa hupelekwa nje ya Japani: Korea Kusini, China, Vietnam. Toei, wanaotengeneza One Piece, wana studio yao kabisa kule Ufilipino. Mwisho ni rangi, na satsuei, hatua ya kuunganisha mhusika, mandhari, mwanga, moshi na cheche viwe picha moja.

Kijana wa douga hulipwa kwa kipande, na kiwango kinachotajwa sana ni yeni 200 na ushee kwa mchoro mmoja. Mchoro wenye nywele nyingi na upanga unaweza kumla saa nzima. Nikifikiria hilo huwa narudi kwenye kina mama wanaochambua dagaa ufukweni, wanaolipwa kwa kiasi walichomaliza, jua liwe kali au la.

Kuna alama moja unayoweza kuiangalia mwenyewe. Mwisho wa epsodi yanapopita majina, tafuta wasimamizi wa michoro. Epsodi iliyotengenezwa kwa utulivu inaweza kuwa na mmoja au watatu. Ukiona orodha imefika kumi na tano, ishirini, ujue siku za mwisho watu waliitwa kutoka kila kona kuja kuzima moto.

Sasa pesa, maana hapo ndipo vijana wenzangu hupotea zaidi. Tunadhani studio ndiyo mwenye anime. Mara nyingi sivyo. Anime nyingi humilikiwa na kamati ya uzalishaji: mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni ambavyo anime nyingi hutokana navyo), kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, kampuni ya vinyago, wakati mwingine na mtandao wa kurushia. Hawa ndio wanaoweka mtaji, na ndio wanaogawana kinachorudi kwenye haki za nje, sanamu na fulana. Studio inapewa kiasi kilichokubaliwa, inatengeneza, inakabidhi.

Anayeishi kando ya ziwa hahitaji maelezo marefu. Fundi mitumbwi anagonga mbao wiki kadhaa, analipwa bei yake, anauona mtumbwi unaingia majini. Tajiri ataupeleka kisiwani, atavua sangara miaka kumi, atajenga nyumba. Fundi hadai hata mkia wa samaki, kwa sababu hakuwa na hisa. Na tajiri akisema mtumbwi uwe tayari kabla mwezi haujaanza giza, fundi atapunguza misumari au atakesha. Studio nyingi za anime ni huyo fundi, na kwa kuwa mtumbwi mmoja hauwalishi, wanapokea mitatu, minne kwa mpigo. Wapo waliojaribu kununua hisa: mwaka 2022 studio ya MAPPA waligharamia Chainsaw Man wenyewe asilimia mia, bila kamati. Ni jambo kubwa kwa tasnia ile, na kila nikiona mtu anaipima anime hiyo kwa "ngumi zilikuwa chache" natamani angejua hatari waliyoibeba.

Ukishaelewa hayo, hadithi ya One Punch Man inanyooka. Msimu wa kwanza, Oktoba 2015, ulitoka Madhouse chini ya mwongozaji Shingo Natsume. Madhouse hawakuwa na ghala la wachoraji wa ajabu waliowafungia ndani. Wachoraji wengi wakubwa wa Japani hawana ajira ya kudumu; wanafanya kazi kwa kipande na kumfuata mtu wanayemwamini, kama wapiga gitaa wanavyomfuata kiongozi wa bendi hata akihama ukumbi. Natsume alipowaita, wakaja. Ule msimu wa epsodi 12 ulikuwa mkusanyiko wa watu, na mkusanyiko ukiisha kila mtu anarudi kwake. Mwaka 2019 kazi ikahamia J.C.Staff na mwongozaji mwingine, Chikara Sakurai, kwenye studio ambayo kila mwaka inatoa anime kadhaa kwa pamoja. Chikashi Kubota, aliyebuni sura za wahusika msimu wa kwanza, alikuwemo na wa pili. Hakutosha. Mtu mmoja hawezi kuurudisha umati. Na sisi tuliokuwa dukani tulikuwa tunalinganisha kila kipande na kitu ambacho hata Madhouse wangepata shida kukirudia.

Seven Deadly Sins ilipita njia hiyohiyo. A-1 Pictures walifanya misimu miwili, wa tatu ukaenda Studio Deen mwaka 2019, ambao nao walitoa sehemu kubwa ya kazi nje. Pigano la Escanor na Meliodas, ambalo kwenye manga linatetemesha ukurasa, likatoka kama watoto wanasukumana kwenye foleni ya maji. Wasomaji wa manga ile waliumia kweli, na walikuwa na haki.

Hata studio yenye watu hodari inaweza kuzidiwa. Mwaka 2023 pekee MAPPA walitoa Vinland Saga msimu wa pili, Hell's Paradise, Jujutsu Kaisen msimu wa pili, na sehemu mbili za mwisho za Attack on Titan, mwezi Machi na Novemba. Studio moja, mwaka mmoja. Kuelekea mwisho wa Jujutsu Kaisen baadhi ya wachoraji waliandika hadharani mitandaoni kwamba ratiba imewamaliza. Epsodi zenyewe zilikuwa na vipande vya kukusimamisha kwenye kiti, na ndani ya epsodi hiyohiyo vipande vilivyoonekana havijaiva. Hapa lazima niseme wazi: mashabiki tulishangilia, na wengine wetu tukawatukana watu walewale kwa kile kilichobaki kibichi. Kumtumia mchoraji matusi kwa sababu ya epsodi aliyoikamilisha bila usingizi ni jambo la aibu, liwe limeandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha Mwanza.

Wapo waliochagua njia nyingine. Kyoto Animation, iliyoanza 1981, inawaajiri wachoraji wake kwa mshahara na kuwafundisha yenyewe, na haipokei kazi nyingi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana msiba wa tarehe 18 Julai 2019, mtu alipoichoma studio yao moto na watu 36 wakafa, uliikata mikono kampuni nzima: waliokufa walikuwa ndio darasa, walimu na wanafunzi kwa pamoja. Ufotable, studio ya Demon Slayer, nao wana karibu kila idara ndani ya nyumba, na kitengo chao cha satsuei kinachoongozwa na Yuichi Terao kinakaa karibu na wachoraji tangu mwanzo. Yale maji na moto ya Demon Slayer ambayo yalitushangaza kwenye epsodi ya 19 mwaka 2019 yanatoka kwenye ukaribu huo. Isitoshe, Ufotable ni miongoni mwa waliowekeza kwenye Demon Slayer, pamoja na kampuni ya Aniplex na mchapishaji wa manga Shueisha. Filamu ya 2020 ilipoingiza zaidi ya yeni bilioni 40 Japani peke yake, fundi huyu alikuwa na hisa kwenye mtumbwi.

Kuna sehemu ya kosa ambayo haitoki Japani kabisa. Iko hapahapa, na tunaweza kuirekebisha jioni ya leo.

Epsodi ya dakika 24 tunayochukua dukani imebanwa mpaka MB 70 au 80 ili zijae nyingi kwenye flashi. Kubana video kunafanya kazi kwa kuhifadhi kile kinachobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Mtu akiwa amesimama anaongea, hakuna cha kuhifadhi, picha inabaki safi. Ngumi zikianza, cheche, mvua, kila nukta inasogea, na faili dogo halina nafasi ya kubeba yote hayo. Picha inavunjika vipande vya mraba kama sakafu ya vigae. Matokeo yake, palipochorwa kwa jasho kubwa zaidi ndipo panapoharibika zaidi. Nimewahi kumsikia mtu akisema Demon Slayer ina ukungu. Ukungu ulikuwa kwenye faili lake. Bando likiruhusu, pata pigano moja tu katika ubora wa juu ulilinganishe.

Ya pili ni runinga. Nyingi mpya huja na mpangilio unaolainisha mwendo: Samsung huuita Picture Clarity (zamani Auto Motion Plus), LG huuita TruMotion. Runinga inatunga fremu zake yenyewe na kuzichomeka katikati ya zile za mchoraji. Kumbuka mchoraji alikusudia mkao ukae fremu tatu, kisha uruke, ili pigo lihisike. Runinga inajaza ule mruko kwa uji. Uzime mpangilio huo. Ni dakika moja kwenye rimoti.

Ya tatu ni giza. Tarehe 16 Desemba 1997 epsodi moja ya Pokémon ilimulika mwanga mwekundu na wa buluu kwa kasi, na watoto karibu 700 wakapelekwa hospitali. Tangu hapo televisheni za Japani hufifisha vipande vyenye mimuliko, na ndiyo sababu baadhi ya mapigano huonekana kama yamefunikwa kitambaa cheusi, au miili inaacha kivuli nyuma yake. Miezi kadhaa baadaye diski rasmi za kuuza hutoka, mwanga umerudishwa na mara nyingi michoro mibovu imechorwa upya. Sisi hapa faili la wiki ya kwanza, lililorushwa likiwa bado na makovu, ndilo linalokaa kwenye diski ya duka miaka mitano, na kila anayekuja anaihukumu anime kwa nakala hiyo. Nimemwomba mwenye duka abadilishe Jujutsu Kaisen yake. Ameahidi.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza yule dereva wa bodaboda habari ya fundi mitumbwi. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Sasa nani atamwambia tajiri asubiri?" Jibu ninalo moja, na linatoka kwenye anime aliyokua nayo. One Piece ilianza tarehe 20 Oktoba 1999, na kwa zaidi ya miaka 25 Toei waliirusha karibu kila wiki. Kuna miaka walivuta ukurasa mmoja wa manga mpaka ukawa dakika nzima, ili tu wasimfikie mwandishi. Oktoba 2025 wakatangaza kwamba kuanzia 2026 hazitazidi epsodi 26 kwa mwaka, na miezi mitatu ya kwanza hakuna epsodi mpya kabisa, mpaka Aprili kisa cha Elbaph kitakapoanza.

Mwenye duka, ambaye ana folda la One Piece lenye epsodi zaidi ya 1,100 zilizopangwa kwa namba, alilalamika kwamba wateja wake wa Jumatatu watapungua. Dereva akachomoa flashi yake. "Wacha wapumzike," akasema, "tutawakuta Aprili."